Huruma ya Kampuni ya Viti

Hebu niambie kwanza, wewe uliyekaa hapo: umewahi kuiona kampuni ikiona huruma? Simsemi mwenye kampuni. Nasema kampuni yenyewe. Umeiona ikitokwa na machozi, ikijipangusa pua, ikisema maskini weye?

Kama hujaona, basi hukupata kuishi katika nchi ile. Jina lake tuliache, maana wakubwa wake hawapendi litajwe ila linaposifiwa. Ni nchi nzuri. Ina milima, ina mito, ina mvua za masika na za vuli, na ina Mamlaka ya Mapato na Makusudio, ambayo nchi nyingine hazina. Nchi nyingine hukutoza kodi ya ulichopata, basi. Nchi ile, kwa kuwa imeendelea, hutazama pia ulichokusudia.

Huko ndiko alikokaa Bi Kazija. Mjane, mnene kiasi, mwepesi wa miguu, mwanamke asiyeweza kukaa kitako akautazama ukuta. Hata akizungumza na wewe, mkono mmoja unakunja kitu. Yeye na marehemu mumewe walianza na viti vichache vya plastiki, vile vyeupe vyenye matundu mgongoni, wakawa wanavikodisha kwenye harusi na misiba. Viti vikaongezeka. Yakaja maturubai, yakaja masufuria ya pilau, yale makubwa ambayo mtoto anaweza kuogea ndani. Mwisho wakaandikisha kampuni, wakaiita Kazija na Mwenzake. Mwenzake akafariki, jina likabaki, kwa sababu kubadilisha jina kule kunataka sahihi ya wote wawili.

Bi Kazija alikuwa na jambo lake moja. Kila alfajiri alipika uji, akaupeleka wodi ya wazazi katika hospitali ya wilaya. Jambo lenyewe lilianza siku mpwa wake alipojifungua. Bi Kazija alikwenda na chupa ya chai na mkate wa kumimina, akawa anamlisha mpwa wake vipande vidogo vidogo. Alipogeuza shingo, akamwona msichana wa kitanda cha pili, naye kajifungua usiku ule ule, anakunywa maji moto matupu kwa kijiko, polepole, anapuliza kama mtu anayekunywa supu.

"Mwanangu, chakula chako kinaletwa saa ngapi?"

Yule msichana akacheka. "Hapa, bibi? Ukija na mtu wako, unakula. Ukija peke yako, unajifungua tu."

Kesho yake Bi Kazija alitoa stoo sufuria moja la kampuni, akapika uji wa ulezi. Ulezi wenyewe aliuosha hadi maji yakatoka meupe, akauanika, akausaga. Akatia karanga zilizotwangwa, maziwa, pilipili manga kidogo, chumvi ya kuonja tu. Ndimu huingia mwisho, sufuria likishateremshwa, maana ukiitia mapema maziwa yanakatika. Tangu siku ile kulikuwa na neno limemkaa kooni, neno la kumwambia mtu wa serikali. Lakini mtu wa serikali hakuonekana wodini, na uji usipokorogwa unashika chini. Basi akawa anakoroga.

*

Shida iliingia kwa mlango wa mkwe. Shomvi, aliyemwoa binti yake wa pekee, alikuwa mtu mwema wa kalamu mbili mfukoni, na ndiye aliyeitengenezea kampuni hesabu zake. Siku moja alimkuta mama mkwe anapepeta ulezi uani, akajikunja pembeni kwa adabu.

"Mama, sheria inasema kampuni ikitoa sadaka, thamani ya kile ilichotoa inaondolewa kwenye faida kabla faida haijatozwa kodi. Sasa wewe unatoa kama Kazija, na Kazija hapunguziwi kitu. Iache itoe kampuni."

"Sufuria si la kampuni?"

"La kampuni, mama."

"Kuni si za kampuni?"

"Za kampuni."

"Basi imekwisha kutoa, baba. Unataka itoe nini tena?"

"Imetoa, ila haijasema kwamba imetoa."

Bi Kazija alitikisa ungo, makapi yakaruka. "Ikisema, uji utaongezeka?"

"Utaongezeka. Kodi ikipungua, tunanunua ulezi zaidi."

Hapo ndipo alipouweka ungo chini. Wodini siku zile wanawake walilala wawili kitanda kimoja, kichwa huku na miguu kule, na sufuria lilikuwa linakwisha kabla halijafika vitanda vya mlangoni. Wale wa mlangoni walikuwa wanamtazama kwa macho ambayo yalimfuata hadi nyumbani.

"Haya," akasema. "Twende ikaseme."

*

Jengo la Mamlaka lilikuwa na ghorofa nyingi. Chini walikaa watu wa Mapato, juu walikaa watu wa Makusudio, kwa sababu makusudio ni jambo la juu. Ukutani paliandikwa: MLIPAKODI NI MFALME, TAFADHALI USIKETI.

Waliyempata ni Bwana Ngwali, Afisa Mkaguzi wa Nia Njema Daraja la Pili. Mtu mwembamba, shati limepigwa pasi hadi mikono inakata, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma taarifa ya habari hata akiomba chumvi.

"Katika tukio hili la uji," alisema, "ni nani hasa aliyeona huruma?"

"Mimi, baba," akajibu Bi Kazija.

Bwana Ngwali akaweka kalamu chini kwa masikitiko. "Basi jambo limeharibika. Ikiwa wewe ndiye uliyeona huruma, maana yake umechukua mali ya kampuni ukaifanyia huruma zako binafsi. Kisheria, kampuni ilikulipa wewe uji kwanza, kisha wewe ukaugawa. Uji huo ni pato lako. Na pato lina kodi."

"Mimi sikulipwa uji. Hata kuuonja nauonja kwa kiganja."

"Kuonja nako nitakuja kukuuliza."

Shomvi alimkanyaga mama mkwe wake kidogo, chini ya meza, akaomba radhi kwa macho. "Bwana afisa, bibi ameteleza. Aliyeona huruma ni kampuni."

"Ahaa." Kalamu ikanyanyuka. "Iliona lini? Palifanyika kikao cha wakurugenzi?"

Kilikuwa hakijafanyika, kwa hiyo kilifanyika pale pale kwenye korido. Bi Kazija alijifungulia kikao, akajikaribisha, akatoa hoja kwamba wazazi wapewe uji, akajiunga mkono. Katika muhtasari Shomvi aliandika kwamba mkurugenzi wa pili ametoa udhuru wa kudumu. Bwana Ngwali alisoma, akasema hilo linakubalika, ila wampelekee salamu za Mamlaka.

"Sasa mleteni," akasema.

"Tumlete nani?"

"Kampuni. Mbele ya sheria kampuni ni mtu. Ina jina, ina namba, ina tarehe ya kuzaliwa. Mtu akidai ameona huruma, sisi humhoji. Hatuwezi kuhoji mwakilishi wake. Huruma haina mwakilishi."

Bi Kazija alitazama saa ya ukutani. Nyumbani ulezi ulikuwa umelowekwa tangu asubuhi, na ulezi ukikaa majini kupita kiasi unachacha. "Baba, mimi nilichojia hapa ni—"

"Kesho, saa tatu, na iwe imeoga," akasema Bwana Ngwali.

*

Usicheke. Ungefanyaje wewe? Kampuni yao ilikuwa viti, basi walileta kiti. Walichagua kile cha zamani kuliko vyote, chenye ufa wa mguu ulioshonwa kwa waya, wakakisugua kwa sabuni ya mche hadi kikang'aa.

Kilipoingia, Bwana Ngwali alisimama. "Karibu, karibu sana. Keti." Kisha akaona aibu kwamba mgeni amesimama, akavuta kiti cha ofisini, akakikalisha kiti juu ya kiti.

"Kazija na Mwenzake," alianza, akiyatazama kwa upole matundu ya mgongoni, "ulipowaona wale wazazi hawana cha kunywa, ulijisikiaje?"

Kiti kilinyamaza.

Bwana Ngwali akaandika, huku akisoma kwa sauti: "Amejaa uchungu, hawezi kusema." Akageuza karatasi. "Je, kuna mtu aliyekulazimisha?"

Kimya.

"Je, unatarajia kupata chochote kutokana na uji huo? Zawadi, sifa, upendeleo, bakshishi?"

Kimya kirefu. Nje muuza kahawa alipita akigonga vikombe vyake. Bi Kazija, ambaye hakupewa pa kukaa, alikuwa amefunga na kufungua pindo la kanga yake hadi pindo likawa kamba.

"Miaka yangu yote kazini," alisema Bwana Ngwali, na hapo sauti yake ya taarifa ya habari ilitetemeka kidogo, "sijapata kumhoji mtu asiyetarajia chochote. Wote huishia kusema, ila. Huyu hakusema ila." Akakipa kiti mkono. Kwa kuwa kilikuwa hakina mkono, aliushika mguu.

Wakapewa Hati ya Huruma, ya kutundikwa. Shomvi alifurahi akataka kumkumbatia mama mkwe, akakumbuka adabu, akakikumbatia kiti.

*

Hati ilikuja na masharti mawili. La kwanza, sadaka itolewe hadharani, mbele ya mgeni rasmi, kwa sababu huruma isiyopigwa picha haiwezi kukaguliwa. La pili, Bwana Ngwali mwenyewe ahudhurie, athibitishe kwamba mtoaji anatoa na mpokeaji anapokea, na kwamba mambo hayageuki katikati.

Siku ya sherehe uji ulifika moto, ukakaa. Mgeni rasmi alikuja na wageni rasmi wenzake, wakapewa posho ya kuhuzunika. Palikuwa na bakuli la mfano, la kadibodi, kubwa kuliko kitanda, na wanawake waliotoka kushonwa waliombwa wasimame kulishika, watabasamu. Zilisomwa hotuba. Mgeni rasmi alisema kwamba serikali yake imeleta mapinduzi ya uji. Uji, kwa kusikia hivyo, ulifanya ngozi juu.

"Baba, utapoa," alisema Bi Kazija kando. "Ukipoa tena unakuwa gundi."

"Bibi, itifaki," akajibu Bwana Ngwali.

Hatimaye ukagawiwa. Wanawake walikunywa hivyo hivyo, wengine kwa bakuli, wengine kwa mfuniko wa chupa ya chai. Safari ile hata vitanda vya mlangoni vilipata, na Bi Kazija alipoona hivyo alisahau hotuba zote. Hadi hapo kila kitu kilikuwa kimekwenda sawa na sheria.

Sasa nikwambie jambo ambalo Mamlaka, pamoja na wasomi wake wote, ilikuwa haijapata kulifikiria. Watu wa nchi ile wana adabu yao ya vyombo. Jirani akikuletea chakula kwenye bakuli lake, humrudishii bakuli limeoshwa, likang'aa, basi. Utatia kitu. Ukiwa na embe utatia embe, ukiwa na sukari utatia sukari ya kukunja kwenye karatasi, ukikosa kabisa utachuma jani la mchaichai. Kurudisha chombo kitupu ni kumwambia mwenzako kwamba mmemalizana, asije tena. Wale wazazi walikuwa wakifanya hivyo siku zote. Ndugu wa vijijini wakija kuwatazama na mayai ya kienyeji au ndimu, chache huwekwa kando kwa ajili ya sufuria la bibi. Na bibi hupokea, kwa sababu kukataa ni tusi lile lile limegeuzwa.

Siku ile sufuria lilioshwa, likafunikwa, likawekwa mlangoni. Bwana Ngwali, kwa kutimiza wajibu, akafunua kifuniko ili aandike kwamba sadaka imekwisha. Ndani, juu ya kipande cha jani la mgomba, palikuwa na mayai.

"Hiki ni nini?"

"Mayai, baba," akasema Bi Kazija.

"Naona ni mayai. Yanafanya nini humu?"

"Yanakwenda nyumbani."

Bwana Ngwali akarudi nyuma hatua, kama aliyeona nyoka. "Mmempa," aliwaambia wanawake. Kisha akamgeukia Bi Kazija. "Na wewe umepokea!"

Sista Mwatima, muuguzi wa wodi, alijaribu kumtuliza. "Ni adabu tu, bwana. Si malipo."

"Adabu ina thamani sokoni? Mayai yana thamani sokoni?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa ananyonyesha akamjibu bila kuinua kichwa. "Sasa ulitaka nimrudishie sufuria tupu, kama mtu asiye na kwao? Mama yako alikulea wapi wewe?"

Wodi nzima ikacheka, wale waliotoka kushonwa wakicheka huku wameshika tumbo. Bwana Ngwali hakucheka. Alitamka, kwa sauti ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, kwamba mtoaji aliyepata kitu si mtoaji. Kwamba kilichokuwa kikiendelea pale si sadaka, ni biashara ya kubadilishana uji na mayai. Kwamba kampuni ilidanganya kwenye mahojiano, na kwa utulivu wa kutisha. Akalibeba sufuria, pamoja na mayai yake, likawe kielelezo. Jioni yake stoo ya Kazija na Mwenzake ilipigwa kufuli la serikali, masufuria yote ndani, hadi shauri liishe.

*

Asubuhi iliyofuata Bi Kazija aliamka mapema kama kawaida, akafika uani, akakuta mikono haina cha kushika. Alipika kwa kisufuria chake cha mboga, akakificha ndani ya kanga, akaingia wodini kwa mlango wa wafagizi. Ulitosha vitanda vya dirishani. Wengine walionjeshwa vijiko.

"Wameanza tena maji moto, bibi," alinong'ona Sista Mwatima. "Kuna mmoja amejifungua pacha. Ananiuliza kila nikipita, yule bibi amekufa?"

"Mwambie sijafa. Mwambie nina kesi."

Tangu hapo hakutulia. Alikwenda Mamlaka asubuhi, akaambiwa njoo mchana. Alikwenda mchana, akaambiwa asubuhi ndiyo ilikuwa yenyewe. Barabarani alitembea akizungusha mkono bila kujua, kama anayekoroga. Akikaa anasimama, akisimama anatembea. Shomvi alimfuata nyuma akimwomba msamaha.

"Mama, mimi ndiye niliyekuponza."

"Nyamaza, baba, tembea. Ukiongea unachelewa."

Shauri lilisikilizwa wiki kadhaa baadaye, mbele ya Kamishna Mkuu, mtu mzito aliyevaa joho la kijani na aliyekuwa akifumba macho kila aliposema neno taifa. Sufuria lililetwa, likawekwa mezani. Kifuniko kilipofunuliwa, kifaranga kilitoa kichwa kikalia. Stoo ya vielelezo ilikuwa na joto sana.

Ukumbi ulivurugika. Bwana Ngwali alipaza sauti. "Mheshimiwa, angalia mwenyewe! Faida imezaa faida, ikiwa mikononi mwa serikali! Naomba kodi ya ongezeko."

"Si kampuni iliyoyalalia mayai hayo," Shomvi akajibu. "Yalilaliwa na Mamlaka. Kifaranga ni cha Mamlaka, na Mamlaka ndiyo ikitolee kodi."

Kamishna Mkuu alifumba macho kabla hata ya kusema taifa. Walibishana kuhusu ukoo wa kifaranga hadi chai ya saa nne ikaletwa, ikanywewa kwa maandazi, wakarudi, wakaendelea. Bi Kazija alisimama mara kadhaa.

"Mheshimiwa, mimi nilichojia ni—"

"Bibi, utapewa nafasi," alisema Kamishna Mkuu, akimeza andazi.

Hakupewa. Hukumu ilisomwa: kwamba ili sadaka ya kampuni ipate nafuu ya kodi, chombo kirudi kitupu, na kwa kuwa sheria haiwezi kuwa na sura mbili, moja ya kampuni na moja ya majirani, basi vyombo vyote nchini, vya makampuni na vya watu, sahani kwa bakuli, virudishwe vitupu. Sufuria likabaki kizuizini, na stoo ikabaki na kufuli lake, kusubiri utii wa umma.

*

Ndipo wakaajiriwa Wakaguzi wa Vifuniko. Walisimama vichochoroni, walisimama kwenye milango ya uani, wakifunua. Mtu akipita na bakuli la jirani yake, anaambiwa, "Funua." Likiwa na kitu, kitu kinachukuliwa na mtu anaandikwa.

Nchi ile ilikuwa imevumilia mengi. Bei ya sukari ilipanda, watu wakanywa chai ya chumvi. Daraja lilikatika, wakajifunza kuogelea. Lakini hili la vyombo liliwaingia mwilini. Dada na dada walinuniana kwa sababu ya bakuli lililorudi linang'aa. Wakwe wa upande wa bwana harusi walirudishiwa sinia tupu, wakafungasha, wakaondoka na bwana harusi wao. Wajanja walishona mifuko ndani ya makoti ya kubebea ndimu. Bibi mmoja alikamatwa na karafuu kinywani, amezitunza hapo ili akifika kwa jirani azitemee kwenye kikombe alichokuwa anakirudisha. Watu waliacha kupelekeana chakula kabisa, kuliko kutukanana. Jioni zikawa kimya, kila nyumba na harufu yake.

Uchaguzi ulikuwa unakaribia. Waziri wa Mapato na Makusudio alipotembelea jimbo lake, alikaribishwa kwa pilau. Alipomaliza, wenyeji waliichukua sahani yake wakaishikilia mbele ya uso wake, tupu, hawasemi neno, wanamtazama tu. Alirudi mji mkuu siku ile ile. Kanuni ikafutwa kwenye gari, kwa simu.

Lakini serikali ya kule haikosei. Hubadilisha tu sherehe. Ikatangazwa Siku ya Huruma ya Kampuni, na Kazija na Mwenzake ikatajwa kuwa kampuni yenye moyo kuliko zote. Bi Kazija aliitwa uwanja wa mpira. Alikwenda akikimbia, kwa sababu alisikia sufuria lake litakuwako.

Lilikuwako kweli. Lilikuwa juu ya kitambaa cha mahameli mekundu, limepigwa rangi ya dhahabu nje na ndani, na sehemu ya kushikia imefungwa utepe. Pembeni, kwenye jukwaa kuu, kiti cha plastiki cha mguu wa waya kilikuwa kimekalishwa juu ya kiti kingine, mkono wa kulia wa Waziri. Bwana Ngwali, sasa Daraja la Kwanza, alikuwa akikifukuzia nzi.

"Mheshimiwa Waziri amelitoa sufuria lako kwa makumbusho ya taifa," Shomvi alimnong'oneza, uso umemshuka. "Limeshapewa namba."

Bi Kazija alikunja pindo la kanga. Alikuwa ametoka wodini muda si mrefu, na kanga yake ilikuwa na doa la uji pale kisufuria kilipomwagika mlangoni, wale wa mwisho wakitazama doa hilo.

Waziri alizungumza. Alisema huruma ni mhimili wa uchumi wa kisasa. Alisema nchi jirani zimekuja kujifunza. Alisema kuanzia sasa kila kampuni itahojiwa mara moja kwa mwaka kama imehuzunika. Watu walipiga makofi pale walipoonyeshwa. Kisha akamwita Bi Kazija, akampa kipaza sauti na karatasi iliyoandikwa shukrani zake zote, kwa herufi kubwa ili asipotee.

Alisimama na karatasi ile. Kwa mara ya kwanza tangu shauri lianze, mikono yake haikuwa inakunja kitu. Mtu wa serikali alikuwa mbele yake, karibu kabisa, na hakuwa na pa kwenda kwa sababu picha zilikuwa zinapigwa.

"Soma, bibi," alisema Waziri kwa tabasamu, bila kusogeza midomo.

"Nitasema tu, baba, macho yangu ni ya kutazama uji." Watu wakacheka. Akangoja wanyamaze. "Nilikuja kwenu kwa ajili ya sufuria. Kila mlango nimesema, nimekuja, nimekuja, sikufika mwisho wa maneno. Leo nilikuwa nimekuja tena kuliomba."

"Sufuria ni la taifa sasa," akasema Waziri, na uwanja ukapiga makofi kidogo.

"Ni lenu. Nimekubali. Ni zima, halivuji, rangi hiyo ikikwanguliwa litapika vizuri tu. Kodi nimelipa tangu mimi na marehemu tuna viti vya kuhesabu kwa vidole, na msamaha wenu siutaki, nitalipa yote na ya mayai. Ulezi unasagwa sokoni, mtu wenu akija nitamfundisha kuuosha. Wodi inaamka alfajiri, baba, na wa mlangoni ndio wanaanza." Akamrudishia Waziri karatasi yake. "Mimi siku zote nilikuwa nataka uji ule mpike nyinyi."